Mshubiri Umeandikwa, Mchicha Umeliwa

Ukiipa Fort Jesus mgongo ukaingia Mji wa Kale kwa Ndia Kuu, utapita maduka ya vinyago, milango ya nakshi, roshani za mbao zinazotokeza juu ya kichwa chako, na baraza ambazo wazee bado wanazikalia jioni. Bustani hutaiona. Nyumba za mawe ya matumbawe zimesimama ukuta kwa ukuta, na njia yenyewe (ndia ni njia kwa Kimvita) ni nyembamba kiasi kwamba gari likija, wewe mwenye miguu ndiye unayetafuta pa kujibanza. Lakini inua macho uangalie madirishani na vibarazani. Kuna kopo la maziwa ya unga, ndoo iliyokatika mkono, debe la mafuta ya kupikia. Ndani yake, mara nyingi, kuna mmea mmoja wenye majani manene yaliyochongoka, na vijimiiba pembeni. Sisi vijana tunauita alovera. Bibi zetu wanauita mshubiri.

Mchicha nao hauna kopo. Unakuja asubuhi kutoka ng'ambo, kupitia soko la Kongowea au Marikiti, umefungwa mafungu, umenyunyiziwa maji usinyauke. Saa sita mchana tayari umelegea. Jioni umeshapikwa kwa tui, na kesho yake hakuna dalili kwamba uliwahi kuwepo.

Mimea hii miwili inaishi nyumba moja. Mmoja uko dirishani miaka kumi, mwingine unapita jikoni kwa siku moja. Swali langu ni la historia: kwa nini mshubiri una maandishi ya karibu miaka elfu mbili nyuma yake, na mchicha, ambao umelisha mji huu mara nyingi zaidi kuliko shubiri ilivyoutibu, hauna hata mstari wake? Nimelifikiria swali hili kwa muda, na naona jibu halianzii maktaba. Linaanzia kwenye maji.

Malezi mawili

Jani la mshubiri ni ghala la maji. Ukilikata utakuta utomvu wa manjano karibu na ganda, kisha katikati nyama laini inayoteleza, ambayo karibu yote ni maji. Na huo mmea haugawi maji ovyo. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ya ukaa, na kwa kufanya hivyo hupoteza maji kwa jua. Mshubiri hufanya kinyume. Hufungua usiku, huvuta hewa hiyo na kuihifadhi kama asidi, kisha mchana hufunga na kuitumia ile akiba. Jua la Mombasa la saa saba likiwaka, mshubiri umeshafunga milango.

Kwa hiyo kuulea ni rahisi, mradi ujizuie. Kopo liwe na matundu chini. Udongo uchanganywe na mchanga mwingi. Usimwagilie mpaka udongo ukauke hadi ndani, na kwa kawaida hiyo ni wiki mbili au tatu. Maji yakituama, mizizi inaoza, na ukiona majani yamekuwa laini kama yamechemshwa ujue umechelewa. Ukitaka mwingine, subiri machipukizi yatoke ubavuni mwa mama, yang'oe na mizizi yake, yaache kivulini siku moja au mbili kidonda kikauke, kisha yapande.

Mchicha nao ni mmea wa joto, ila mbinu yake ni tofauti. Huo hufanya kazi mchana, kwenye jua kali, na una namna ya kukusanya hewa ya ukaa kwa ufanisi kuliko mboga nyingi. Matokeo yake ni kasi. Mbegu zake ni nyeusi, zinang'aa, ndogo kuliko ufuta, kiasi kwamba wakulima huzichanganya na mchanga ndipo wakazimwaga, la sivyo zitarundikana mahali pamoja. Hazitaki kufukiwa, zifunikwe na udongo kidogo tu. Baada ya siku tatu mpaka tano zimeota. Baada ya wiki tatu au nne unaweza kung'oa, au ukate vichwa na kuacha shina litoe matawi mapya, ukavuna tena na tena. Lakini unataka mbolea, na unataka maji kila siku, hasa ukiwa mchanga. Ukiukosesha maji siku chache, unakimbilia kutoa maua na mbegu, na majani yanakuwa magumu.

Bibi yangu, ambaye ameishi Ndia Kuu tangu aolewe, alinieleza tofauti hiyo bila habari ya asidi wala hewa ya ukaa. "Mshubiri ukiusahau wapona," alisema. "Mchicha ukiusahau, siku hiyo huna kitoweo."

Sasa iweke tofauti hiyo ndani ya nyumba ya Mji wa Kale. Hakuna ardhi. Visima vya zamani vingi vina maji ya chumvichumvi. Maji ya bomba yanatoka mbali, mengine kwenye chemchemi za Mzima kule Tsavo, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, na kila mkaazi wa kisiwani anajua sauti ya mfereji unaokoroma bila kutoa tone. Katika nyumba kama hiyo, mmea unaoweza kukaa wiki tatu bila maji unapata makazi. Ule unaotaka maji kila siku lazima ulelewe na mtu mwingine, kwenye shamba la mtu mwingine, kisha uletwe.

Kilichosafiri ndicho kilichoandikwa

Shubiri yenyewe, yaani ule utomvu mchungu wa manjano, ilikuwa bidhaa kabla Mombasa haijajulikana kwa jina hilo. Namna ya kuitengeneza haijabadilika sana. Majani hukatwa na kupangwa kuzunguka shimo dogo lililotandikwa ngozi, sehemu iliyokatwa ikiangalia chini. Utomvu unadondoka wenyewe. Unakusanywa, unakaushwa kwa jua au unachemshwa, mpaka unageuka bonge gumu la rangi ya kahawia iliyokoza au nyeusi. Bonge hilo halivundi. Ni dogo, lina bei, na linaweza kukaa ndani ya jahazi msimu mzima wa kaskazi likafika salama.

Kitu cha namna hiyo lazima kitaandikwa. Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha mwongozo wa biashara ya baharini kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinaitaja shubiri pamoja na ubani kama bidhaa zilizotoka bandari ya Kane, pwani ya Yemen ya leo. Kitabu hichohicho kinashuka hadi pwani yetu, ambayo kinaiita Azania, mpaka kwenye soko la Rhapta. Karne ya 10, al-Mas'udi, aliyesafiri kutoka Qanbalu (kisiwa ambacho wanahistoria wengi wanaona ni Pemba) hadi Oman mwaka 916, alisimulia kwamba Aristotle ndiye aliyemshauri Iskandari akiteke kisiwa cha Sokotra kwa ajili ya shubiri yake. Kisa hicho kinaweza kuwa hekaya tupu, lakini hekaya nazo zina uzito wake: watu hawamtungii Iskandari vita kwa ajili ya kitu kisicho na thamani.

Karne ya 19 wauza dawa wa Ulaya walikuwa wakiipanga shubiri kwa madaraja yenye majina ya mahali: Sokotra, Barbados, Rasi ya Tumaini Jema, hata Zanzibar. Hiyo ya Zanzibar ilichukua jina la bandari iliyopitia, na si lazima mmea wake uwe umeota huko. Ndia Kuu yenyewe ilikuja kupata duka la dawa la kizungu wakati wa ukoloni, na waelekezi wa watalii bado wanalionyesha jengo la Edward St. Rose, mkemia wa enzi hizo. Nyakati hizo kitabu rasmi cha dawa cha Uingereza kiliorodhesha shubiri kama dawa ya kulegeza tumbo. Hatua chache kutoka hapo, upande wa Marikiti, maduka ya dawa za asili yalikuwa na yangali na mabonge hayohayo, pamoja na hulba, habasoda, ubani na manemane. Jina dukani ni subili. Dawa ni moja, milango miwili.

Jina nalo lina safari yake. Kwa Kiarabu, mzizi wa neno la uvumilivu na mzizi wa jina la mmea huu ni mmoja. Kiswahili kikapokea yote mawili, ndiyo maana tuna subira na tuna shubiri, na masikio yetu yanayasikia kama ndugu. Mama wa Pwani anayetaka kumwachisha mtoto ziwa alikuwa akipaka shubiri kwenye chuchu. Mtoto ananyonya, anakunja uso, analia, kesho anajaribu tena, mwishowe anaacha. Subira yavuta heri, lakini ladha yake ya kwanza wengi wetu tuliipata hapo.

Ona basi mlolongo: mabaharia, wanajiografia, maafisa wa forodha, wakemia, wenye kamusi. Kila mmoja ameacha karatasi.

Mboga bila jina

Al-Mas'udi huyohuyo anaeleza chakula cha watu wa pwani hii. Anataja mtama, ndizi, nazi, asali, nyama. Jani halimo.

Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331. Anasema watu wake hawakuwa na mashamba ya nafaka kisiwani, wakiiagiza kutoka pwani ya jirani, na kwamba chakula chao kikuu kilikuwa ndizi na samaki. Anataja miti ya matunda. Alilala usiku mmoja tu. Na hapa kuna jambo la kufurahisha: kule Mogadishu, alikopokewa kama mgeni wa mtawala, anaandika kwa urefu juu ya sinia la wali wenye samli, na anataja kwamba vitoweo vyake ni pamoja na kuku, nyama, samaki na mboga. Kwa hiyo hakuwa mtu asiyejali mboga. Alipoandaliwa, aliziona. Mombasa hakukaa vya kutosha kuingizwa jikoni kwa mtu.

Miaka karibu mia mbili baadaye, Mreno Duarte Barbosa anaisifu Mombasa kwa wingi wa chakula. Anataja kondoo, ng'ombe, mtama, mpunga, machungwa, malimau, makomamanga. Kisha anasema kuna mboga za aina nyingi. Basi. Kila tunda limepewa jina lake, mboga zote zimetiwa gunia moja.

Wanaakiolojia nao wana shida yao. Kule Pemba wamechambua punje zilizoungua kwenye mabaki ya miji ya kale, na kutokana nazo wameweza kuonyesha jinsi watu walivyohama polepole kutoka uwele kwenda wali. Punje ikiungua inabaki karne nyingi. Jani la mboga likiungua ni jivu, lisipoungua linaoza. Na kamusi zilipokuja, nyingi zikaufasiri mchicha kuwa spinachi, mboga ya nyumbani kwa mwandishi, ambayo kwa kweli ni mmea mwingine.

Mimi nilisoma historia chuoni kwa mwaka mmoja na nusu kabla karo haijanishinda. Siwezi kusema tulifundishwa kuabudu karatasi. Tulifundishwa kwamba masimulizi ya mdomo ni ushahidi, na tulisoma habari za Thenashara Taifa, makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, nani alitoka wapi na nani alitangulia. Lakini hata masimulizi yale yalikuwa ya wazee wa kiume kuhusu koo na vyeo. Sikumbuki hata mara moja mtu akiuliza hao waliotangulia walikula nini na ugali, na nani alikichuma.

Mboga haikupanda jahazi. Forodha haitozi ushuru kitu kinachonyauka kabla ya kufika bandarini. Na kazi yake yote, kuanzia kumwaga mbegu, kuchuma, kufunga mafungu, kubeba kichwani, kupunguziana bei, kuchambua, kuosha na kupika, kwa sehemu kubwa ilikuwa na ingali mikononi mwa wanawake. Ukijumlisha hayo mawili, kitu kisichosafirika na kazi isiyohesabiwa, unapata ukurasa mtupu.

Mchicha ni nani?

Tena mchicha si mmea mmoja. Ni jina tunalolipa kundi la mimea ya jenasi Amaranthus, na nyaraka zake za kuzaliwa zinashangaza. Baadhi ya aina zinazoliwa sana Kenya leo, kama Amaranthus dubius na Amaranthus hybridus, asili yake ni bara la Amerika. Amaranthus tricolor ni wa Asia. Amaranthus blitum anahusishwa na nchi za pembezoni mwa Mediterania. Upo pia mchicha wa miiba, ambao bibi anasema ni wa mtu aliyekosa mwingine.

Kule Meksiko, ndugu za mchicha huu walilimwa kwa ajili ya mbegu. Waazteki waliupokea kama kodi, na katika ibada walichanganya unga wake na asali wakafinyanga sanamu za miungu. Wahispania walipoteka nchi walizipiga vita ibada hizo, na zao lenyewe likadidimia. Lakini mchicha si rahisi kuumaliza. Shina moja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, na mbegu hazingoji kupandwa. Leo Waganda wanauita dodo, Wagikuyu terere, na Mombasa unauzwa bila mtu yeyote kufikiria habari za Meksiko.

Mshubiri wa makopo nao ni mgeni. Aloe vera asili yake ni Rasi ya Uarabuni. Sisi tuna aina zetu za porini, mojawapo imepewa jina la Kilifi, Aloe kilifiensis, lakini uliojaza madirisha ya Ndia Kuu ulitoka ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo mtu asikuambie mmoja ni wa heshima kwa kuwa una asili ndefu na mwingine ni magugu. Wote wawili walikuja hapa kama watu wengi wa mtaa huu walivyokuja, na kwa vizazi vyao wakawa wenyeji.

Dawa na kitoweo

Nimesikia watu wa rika langu wakisema wanakunywa alovera kila asubuhi "kusafisha mwili". Hapa bibi na wanasayansi wako upande mmoja. Jani lina vitu viwili, na visichanganywe. Ile nyama ya katikati hupozesha ngozi na husaidia kidonda kidogo cha moto au jua. Ule utomvu wa manjano ndio shubiri yenyewe, na huo huendesha tumbo kwa nguvu, huleta msokoto, na mjamzito haufai kabisa. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa shubiri kwenye dawa za kulegeza tumbo zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kukosa ushahidi wa kutosha wa usalama wake. Bibi akikata jani, hulisimamisha kwanza ndani ya bakuli, upande uliokatwa ukiwa chini, utomvu udondoke wote. Kisha ndipo humenya. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama nimeuliza kwa nini samaki huparwa magamba.

Upande wa mchicha, namna ya Pwani ya kuupika ina akili kuliko inavyodhaniwa. Majani yake ya kijani yana karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, na karotini huhitaji mafuta ndipo mwili uifyonze vizuri. Tui la nazi ni mafuta. Kwa hiyo mchicha wa nazi, chakula ambacho wengine hukiona cha siku za kubana matumizi, unampa mlaji kile ambacho mchicha uliochemshwa peke yake ungempa kwa uchache. Majani yakikomaa sana hujaa asidi iitwayo oksaliki, inayozuia mwili kupata kalisi. Dawa yake ni kuyachemsha na kumwaga maji. Bibi haijui oksaliki. Anajua kwamba mchicha uliokomaa "wakwaruza ulimi" na kwamba maji yake ya kwanza humwagwa.

Anajua pia mambo ambayo sijayaona popote yameandikwa. Kwamba uoshe kabla ya kukata, mara tatu, kwa kuinua majani kutoka majini badala ya kumwaga maji, maana mchanga ukikaa chini unaumwaga tena juu ya mboga. Kwamba tui zito liingie mwisho, moto ukiwa mdogo, na usiache kukoroga, la sivyo linakatika. Kwamba ukiona fungu lina maji mengi mno juu, fungua katikati uangalie, huenda ni la jana.

Kinacholindwa na kinachopotea

Mwaka 1986 Rais Moi alitoa amri iliyopiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini Kenya, isipokuwa iliyopandwa mashambani. Wavunaji walikuwa wameimaliza kwa kuchemsha utomvu wake kuuza nje, hasa maeneo kame kama Baringo na Laikipia. Biashara iliendelea kichinichini, mpaka mwaka 2007 zikatungwa kanuni za kuisimamia. Kimataifa pia, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini unazilinda karibu aina zote za mshubiri. Aloe vera, huo wa kopo, ndio uliotolewa kwenye orodha, maana umelimwa kila mahali.

Mji wa Kale nao una ulinzi wake. Tangu miaka ya 1990 ni eneo la hifadhi: huwezi kubomoa roshani au kung'oa mlango wa nakshi ukapachika wa chuma bila kujibu maswali. Fort Jesus iliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Nafurahia yote hayo. Lakini ukitazama, kilicholindwa ni kile kinachodumu, jiwe na mbao, sawasawa na kilichoandikwa kilivyokuwa kile kinachokauka bila kuoza.

Mchicha hauhitaji sheria ya kuulinda. Utaota hata kwenye ufa wa lami. Kinachohitaji ulinzi ni ujuzi. Kwa miaka mingi mboga za kienyeji zilidharauliwa nchini, zikaitwa chakula cha maskini, kabichi na sukuma wiki zikatawala sahani. Mnamo miaka ya 1990 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, akiwemo mtaalamu wa mimea Patrick Maundu, yalianza kukusanya habari zake kwa makini, na mwaka 1999 kikatoka kitabu kikubwa kuhusu mimea ya vyakula vya asili vya Kenya. Kazi kama hiyo ilisaidia terere na mnavu kurudi hata kwenye rafu za supamaketi. Hiyo inaonyesha kwamba mboga ikiandikwa, watu huiangalia upya.

Lakini kitabu cha taifa zima hakiwezi kuingia kila jiko la Ndia Kuu. Nyumba hapa zinagawanywa kati ya warithi, zinauzwa, zinageuzwa vyumba vya wageni. Bibi wa nyumba ya pili kutoka yetu alihamia kwa mwanawe bara. Aliyenunua amekarabati mlango vizuri mno, kwa mujibu wa sheria, na watalii wanaupiga picha. Jiko lake limekuwa bafu.

Mimi si mwanahistoria mwenye cheti na huenda nisiwe nacho. Ila naweza kushika kalamu. Nilipomwambia bibi nataka kuandika anavyochagua na kupika mchicha, alicheka. "Kwani hayo nayo huandikwa, baba?" Kisha akaanza kusema, na hakunyamaza mpaka adhana ya alasiri.

Kufikia sasa nina kurasa kumi na moja. Nimeandika njia tatu za kujua fungu la jana. Nimeandika kwamba zamani, kabla ya daraja jipya la Nyali, wauzaji wa kike walikuwa wakiita mlango kwa mlango, na kila mmoja alikuwa na nyumba zake, na kwamba bibi alilipa mwisho wa wiki kwa kuhesabu mafundo aliyofunga kwenye uzi. Hiyo ilikuwa daftari ya hesabu, na imetupwa. Nimeandika kipimo cha tui kwa mafungu manne: nazi moja kubwa, au mbili kama ni kavu. Wiki ijayo nataka kumkuta mama anayetuletea mchicha sasa kabla hajamaliza mzunguko wake, nimuulize mbegu zake alizipata kwa nani.